Nimesomeshwa na lumbesa, sasa naipiga vita!

Msomaji wangu, usicheke. Mimi niliyekulia Temeke, niliyekuwa nikiona jembe napata homa, leo kijiweni washikaji wananiita 'Bwana Shamba'. Sina shamba hata la mchicha! Ninachofanya ni kupiga kelele kuhusu kitu kimoja tu: lumbesa.

Zamani habari za kilimo kwangu zilikuwa za wazee. Shuleni tulikaririshwa 'Siasa ni Kilimo' ya mwaka 1972, tukafanyia mtihani, tukasahau. 'Kilimo Kwanza' ya 2009 niliisikia redioni, nikabadili stesheni. Nane Nane nilikwenda kutazama warembo.

Basi bwana, mwaka 2016 nimemaliza kidato cha sita, nipo nipo tu mtaani. Baba, ambaye anauza viazi mviringo katika soko moja hapa Dar, akanituma Njombe kwa mjomba, kaka yake mama, nikasimamie mzigo wa magunia 20. Nikatinga jinzi na raba nyeupe, nikapanda basi.

Asubuhi baridi inakata masikio. Nikamwamkia mjomba, akaitikia, "Marahaba, mjomba," huku anajaza gunia. Lilipojaa hakulishona. Vijana wakaunga kipande cha gunia jingine juu, wakaendelea kumimina, wakafunga kwa kamba mpaka likasimama na kilemba kama bwana harusi! Nikauliza, mbona linazidi? Mjomba akacheka kinyonge.

"Mnunuzi ndivyo anavyotaka. Ukikataa anakwenda kwa jirani, viazi vyako vinaozea hapo."

Mnunuzi mwenyewe ni baba yangu. Mjomba hakulitaja jina.

Mzigo ulipofika Dar nikafanya ukorofi. Usiku nikafungua gunia moja, nikalipima kidogo kidogo kwenye mizani ya baba mwenyewe. Kilo 138! Na sheria ya vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100, Wakala wa Vipimo ndio wasimamizi. Nikashika kalamu: kilo 38 za ziada mara magunia 20, kilo 760. Yaani mjomba katoa zaidi ya magunia saba bure! Baba ananunua kwa gunia, anauza kwa kilo. Umeelewa mchezo?

Tena si hapo tu. Lori linalipwa kwa gunia, ushuru kwa gunia, kupakia kwa gunia. Gunia likinenepa, mwenye mzigo anaokoa kote huko. Wanaoumia ni aliyelima na kuli anayelibeba mgongoni, na hata halmashauri inapunjwa.

Nilipomweleza baba, alikaa kimya, kisha akaniuliza, "Hiyo raba imetoka wapi? Na ada yako je?"

Nikakosa jibu. Kweli, nimesomeshwa na lumbesa. Lakini binti ya mjomba alifaulu kwenda kidato cha tano mwaka uleule, akabaki nyumbani kwa kukosa godoro, sare na nauli. Kilo 760 zingemaliza yote hayo na chenji ikabaki. Wiki nzima sikulala vizuri.

Msimu uliofuata nikaazima mizani ya kuning'iniza, nikarudi Njombe kwa nauli yangu. Mjomba akaniombea nafasi kwenye mkutano wa kijiji. Magoti yananicheza! Sijamaliza hata salamu, bibi mmoja akasimama.

"Wewe si mtoto wa yule anayetununua?"

Mkutano mzima ukaangua kicheko. Nilitaka kuruka kimanga, ulimi ukakataa. Nikasema, "Ndiyo, bibi. Na mizani ya baba ndiyo iliyonionyesha." Kicheko kikakatika. Tukaning'iniza gunia palepale, kila mtu akajisomea.

Wakakubaliana: kilemba marufuku, gunia lishonwe mdomoni. Lori la kwanza likaondoka tupu. Siku mbili zile, msomaji, chakula hakikupita! Viazi vimeshachimbwa, vikioza nitauweka wapi uso wangu? Siku ya tatu likaja jingine. Mwenye mzigo akanung'unika weee, akapima, akalipa.

Sikudanganyi kwamba lumbesa imekwisha. Msimu mwingine wapo waliorudi kulekule, maana mtoto akiumwa usiku, mtu anauza kwa yeyote aliyefika. Ndiyo maana nahimiza wauze pamoja. Mkulima mmoja akikataa anaachwa, kijiji kizima kikikataa mnunuzi hana pa kukimbilia.

Baba alininunia miezi miwili. Halafu jioni moja akaja na mizani mpya ya kuning'iniza, akaiweka mezani. "Ya kuazima itakutia ugomvini," akasema, akaomba chai. Sikumuuliza kitu.

Kijana mwenzangu, wenye nguvu za kulima waende wakalime, tena serikali ilianzisha mpango wa BBT kwa ajili yao. Lakini kama mkono wako haushiki jembe kama wangu, mdomo unao. Usisubiri suti wala semina. Tazama nyumbani kwenu chakula kinatoka wapi na nani kapunjwa njiani, hapo utapata pa kuanzia. Mimi nilipapata kwenye mizani ya baba.

Na leo jioni ukisimama kwenye banda la chipsi, muulize jamaa viazi vyake vimetoka kwenye gunia la kilo ngapi. Akinuna, ujue umegusa penyewe!