Je, Wajua? Kitunguu cha Mang'ola kina "cheti cha kuzaliwa"

Gunia la lumbesa likishafika sokoni, kitunguu chekundu cha Mang'ola na cha Singida vinaweza kuuzwa kwa jina lolote ambalo muuzaji atapenda. Maabara, hata hivyo, haidanganyiki kirahisi.

Siri imo kwenye strontiamu, madini yanayofanana na kalisi. Mmea huyanyonya kutoka kwenye udongo na maji bila kubadilisha uwiano wa isotopu zake (strontiamu-87 kwa strontiamu-86), na uwiano huo huamuliwa na mwamba. Ndani ya miamba, rubidiamu hugeuka polepole mno kuwa strontiamu-87, kwa hiyo mwamba mkongwe wenye rubidiamu nyingi huwa na kiasi kikubwa zaidi cha isotopu hiyo. Matale ya Singida yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na aghalabu uwiano katika miamba ya namna hiyo huvuka 0.710. Mashamba ya Mang'ola hunyweshwa kwa chemchemi zitokazo chini ya nyanda za juu za volkano za Ngorongoro, miamba michanga kwa hesabu za kijiolojia. Miamba ya aina hiyo huwa na uwiano wa karibu 0.704. Tofauti ndogo kwa jicho, kubwa mno kwa mashine!

Kinachotakiwa kwanza ni sampuli za kulinganishia kutoka shambani. Mbinu za namna hii si ngeni: wakemia wa Japani wametumia madini kutenganisha vitunguu vyao na vya China, na isotopu za oksijeni katika juisi ya machungwa humfichua aliyeongeza maji ya bomba.