Bulawayo waliniuliza: wafu wako wamelala wapi?

Nilifika Bulawayo nikiwa na homa. Tulikuwa tumeondoka Tunduma siku sita kabla, tukapita Nakonde, Lusaka na Livingstone, tukavuka daraja la Victoria Falls na kukata kilomita zipatazo 440 kwenda kusini, nia yetu ikiwa ni kufika Beitbridge kufuata vipuri. Dereva aliponiona natetemeka juani alisema mgonjwa hasafirishwi, akaniacha kwa bibi mmoja anayepangisha vyumba Makokoba, mtaa wa zamani kuliko yote ya Waafrika katika jiji hilo. Nilikaa hapo siku tisa.

Zahanati walinipima wakakuta malaria, nadhani niliyoibeba njiani, maana Bulawayo ni mji wa nyanda za juu na mbu wake si wengi. Nilimeza dawa nikapona. Hilo halina hadithi. Hadithi ni maswali ya yule bibi, ambaye kama wote pale nilimwita gogo, naye akaniita mntanami, yaani mwanangu.

Kwetu mgonjwa huulizwa anaumwa wapi. Gogo aliniuliza nyumbani nimemwacha nani. Akauliza kama mimi na kaka zangu tunapatana. Akauliza nani kafariki karibuni, kazikwa wapi, na nani alikuwapo siku ya kuzika. Mara ya kwanza nilidhani ni udaku wa mwenye nyumba anayetaka kumjua mpangaji wake. Siku ya tatu, homa iliposhuka, nilimuuliza kwa upole maswali yale yanahusiana nini na malaria. Alicheka, akasema dawa ya zahanati ni ya mbu, na yeye alikuwa anauliza habari za mtu.

Ndugu msomaji, anayejua Kiswahili hapotei sana katika Kindebele. Kuugua wao husema ukugula. Kidonda kikipoa husema siphole. Dawa ni umuthi, nawe utaona mti umo ndani yake. Lakini neno la kushika ni impilo, ambalo ni afya na ni uhai kwa pamoja, bila kutenganishwa. Ukiulizwa "unjani?" unajibu "ngiyaphila", ninaishi, na hapo umeshasema kuwa u mzima. Hospitali kuu ya Bulawayo iliyofunguliwa mwaka 1958 inaitwa Mpilo. Kwa hiyo mtu aliyegombana na nduguze, au ambaye marehemu wake hawajatulia, hata kama damu yake ni safi kwenye darubini, kwa hesabu ya wazee wa pale impilo yake ina upungufu.

Wandebele wa Zimbabwe si kabila la damu moja. Mzilikazi alitoka nchi ya Wazulu katika miaka ya 1820 na watu wachache, akaokota wengine njiani, na alipotua Matabeleland karibu mwaka 1840 aliwakuta Wakalanga na wengineo, wakawa taifa moja. Mchanganyiko huo umebaki katika majina ya ukoo. Ndlovu ni ndovu. Nyathi ni nyati. Nkomo ni ng'ombe, Mpofu ni pofu, Dube ni punda milia, Ncube ni nyani, na Moyo ni moyo uleule tunaoujua. Nilipokuwa kitandani nilihesabu waliokuja kunijulia hali, nikajiona nimelala katikati ya mbuga. Jina hilo si la kupambia kitambulisho. Wenye jina moja hawaoani, na mnyama wa ukoo haliwi. Wazee huwaambia watoto kuwa anayemla mnyama wake meno yatamtoka. Sijamwona aliyetokwa na meno, ila nimewaona watu wazima, wenye magari na shahada, wakisukuma sahani pembeni.

Chakula nacho kiko ndani ya hesabu hiyo. Karibu na soko la Makokoba, jirani na stendi ya Renkini panapopakiwa mabasi ya mbali, akina mama huuza amacimbi, viwavi vya mti wa mopane vilivyokaushwa, na wanaojua lishe wanakubali kuwa vina protini nyingi. Pana mtama, uwele na ulezi. Pana mlenda, wao huuita idelele. Pana mgagani, mboga chungu ile ile ya kwetu, nao huuita ulude. Gogo alinipa amahewu, kinywaji cha mahindi kilichochachuka kidogo, binamu wa togwa, akasema mwili uliotoka homani hauanzi na nyama. Vijana wa mjini walikuwa wameanza kuviona vyakula hivi kuwa vya watu wa shamba. Corona ilipoingia mwaka 2020 mambo yakageuka, na majani ya umsuzwane, ambayo Washona huyaita zumbani, yakawa mali ya sokoni. Watu walijifukiza na kunywa chai yake nchi nzima. Kwamba ilituliza kifua, sibishi. Kwamba iliponya corona, hakuna aliyethibitisha.

Niseme wazi jambo moja, maana wapo wasomaji watakaodhani natangaza biashara ya waganga. Zimbabwe iliwapa waganga chama chao, ZINATHA, mwaka 1980, na sheria ya kuwasajili ikapitishwa mwaka 1981. Wandebele humtofautisha inyanga, mjuzi wa miti, na isangoma, anayesema kwa niaba ya mizimu. Wapo wa kweli. Wapo pia matapeli kama walivyo stendi zote kuanzia Kobero hadi Beitbridge, wenye mabango ya kurudisha mume aliyepotea na mali iliyoibiwa. Ubaya zaidi ni yule anayemwambia mgonjwa kuwa shangazi yake ndiye mchawi. Ukimwi ulipokuwa unawamaliza watu katika miaka ya 1990 na baada yake, familia zilivunjika kwa neno kama hilo, na mgonjwa akafa bila kupimwa. Gogo mwenyewe, aliyeamini mizimu kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua, ndiye aliyenishika mkono kunipeleka zahanati kabla hajaniuliza chochote.

Sasa nije kwenye wafu, ambako maswali yake yalikuwa yanaelekea.

Kwa desturi yao mtu akizikwa kazi haijaisha. Baada ya mwaka hivi, familia hupika pombe ya nafaka, huchinja, na hufanya umbuyiso, yaani kumrudisha nyumbani. Kabla ya hapo roho yake inachukuliwa kuwa bado iko porini, haina mlango. Baada ya hapo anakuwa idlozi, mzee wa nyumba anayewatazama walio hai. Wamisionari waliipinga desturi hiyo, na Wakristo wengi leo hufanya ibada ya kufunua jiwe la kaburi badala yake, ingawa ukitazama vizuri ni mwaka uleule, ndugu walewale na sufuria zilezile.

Tatizo ni kwamba Wandebele wengi hawafii nyumbani. Tangu enzi za migodi vijana wa Matabeleland wamekwenda Johannesburg, na anayerudi na redio na viatu vya kung'aa huitwa injiva. Kati ya miji hiyo miwili wanapita omalayitsha, wenye magari madogo na matela yaliyorundikwa magodoro, mafuta ya kupikia na unga hadi juu. Wafanyabiashara wa mpakani wenzangu watawaelewa mara moja. Ndiyo maana vyama vya kuzikana, masingcwabane kwa lugha yao, ni vya zamani na vina nguvu kuliko vyama vingi vya siasa. Mtu atakosa kulipa kodi ya chumba, lakini hatakosa mchango wa chama, kwa sababu kusafirisha maiti kuvuka Limpopo ni gharama kubwa, na kuzikwa ugenini ni kuiachia familia ugonjwa.

Mtoto wa pili wa gogo alikufa Johannesburg na kuzikwa huko kabla habari hazijafika. Alipopata nauli alikwenda na mdogo wake wa kiume, wakiwa na tawi la umphafa, mti wa miiba wa jamii ya mkunazi ambao Wanguni hulitumia kumchukua marehemu mahali alipofia. Walisimama kaburini wakamwambia kijana twende nyumbani. Ndani ya basi walimlipia kiti. Kila walipobadilisha gari walimweleza: sasa tunashuka, sasa tunavuka mto, hawa ni watu wa uhamiaji. Nilimuuliza watu wa basi walisema nini. Akasema kondakta alikata tiketi tatu, hakuuliza.

Zaidi ya hao wapo ambao hakuna anayeweza kuwafuata na tawi. Kati ya mwaka 1983 na 1987 serikali ya Robert Mugabe ilipeleka Matabeleland kikosi cha Brigedi ya Tano, kilichofundishwa na Wakorea Kaskazini, katika operesheni iliyoitwa Gukurahundi. Idadi inayotajwa mara nyingi ni watu 20,000 waliouawa. Wengine walitupwa katika mashimo ya migodi ya zamani upande wa Kezi, wengine walifukiwa kijuujuu uani, na ndugu zao walikatazwa hata kulia. Taarifa ya Wakatoliki iliyotoka mwaka 1997 ilieleza hayo kwa kirefu. Ilieleza pia kuwa familia nyingi hazikupata cheti cha kifo, na bila cheti cha kifo cha baba, mtoto alihangaika kupata cha kuzaliwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika moja lilianza kufukua baadhi ya makaburi hayo Matabeleland Kusini kwa msaada wa wataalamu wa mifupa kutoka Argentina. Shirika hilo liliitwa Amani Trust, nalo neno hilo ni letu. Walioendesha kazi hiyo walikuta familia hazikuwa zinadai kwanza fidia wala kesi. Zilisema watoto hawaoleki, mvua haitoshi, usingizi hauji, na marehemu anakuja ndotoni kuuliza kwa nini ameachwa. Zilitaka mifupa izikwe panapostahili, kwa jina lake. Julai 2024 Rais Emmerson Mnangagwa alizindua Bulawayo mpango wa machifu kuwasikiliza waathirika kijiji kwa kijiji. Wapo wanaoupokea, na wapo wanaosema serikali iliyoua haiwezi kuwa ndiyo inayouliza. Gogo alitikisa kichwa tu nilipoligusa jambo hilo, akaniambia nimalizie amahewu.

Jioni ya siku ya nane ndipo aliponiuliza tena baba yangu kazikwa wapi. Safari hii nilijibu kwa ukweli. Baba alikimbia Burundi mwaka 1972, akafia Ulyankulu, Tabora, nilipozaliwa mimi, na yuko kule. Mwaka 2009 tulirudi. Tulipakia magodoro, mabati, mbuzi wawili na mashine ya cherehani ya mama. Baba tulimwacha.

"Mlimuaga?" aliuliza.

Nikasema malori yalikuja alfajiri, tukapanda.

Hakuniambia homa yangu ilitoka huko. Angesema hivyo ningembishia, maana cheti cha zahanati kilikuwa mfukoni. Alinitazama tu kama mtu anayemtazama mtoto aliyetoka nyumbani bila viatu.

Sisi tuliorudi tumezungumza sana habari za mashamba: nani kakuta mtu kwenye shamba lake, nani kagawana, nani bado yuko mahakamani. Makaburi tuliyoyaacha ng'ambo hatuyataji. Mama tangu turudi analala saa tatu usiku, saa nane yuko macho, na daktari wa Makamba amempa vidonge vya shinikizo la damu, ambavyo anavimeza bila kukosa na vinamsaidia. Nilipofika nyumbani kutoka safari hiyo nilimuuliza, kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo, kama huwa anamfikiria baba kule Ulyankulu. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Nilidhani nyinyi wanaume mmeshamsahau, nikaona nisiwasumbue."

Kaka yangu mkubwa ni mlokole, hataki kusikia habari za mizimu, na sikumlazimisha. Tulikubaliana kuwa kwenda kufyeka kaburi la baba na kulijengea si dhambi kwa dini yoyote. Tumepiga hesabu: kuvuka Mugina hadi Manyovu, basi la Kigoma, kisha Tabora, saruji tununue hukohuko. Mama amesema atakuja. Magoti yanamsumbua, na daktari ameonya juu ya safari ndefu, kwa hiyo tutalala Kigoma siku mbili. Tayari ameshashona shuka jipya la kuvaa siku hiyo, kwa cherehani ileile.