UVIMBE WA KORODANI: MUNGANGA ANAJUA GINSI GANI KAMA NI MWEMA AO MBAYA?



Kisha somo la biolojia juu ya seli, maulizo mawili yalitiwa ndani ya sanduku ya gazeti letu, bila jina. La kwanza: «Uvimbe wa korodani ukiwa hauumi, si ni uvimbe mwema?» La pili: «Munganga anajua namna gani kama ni kanseri, naye haoni ndani ya mwili?» Kamati ya gazeti iliniomba nijibu.

Najua wengine watacheka kwa kusoma neno hili katika gazeti la shule. Wacheke kidogo, halafu wasome. Kanseri hii haingojei uzee. Inakamata zaidi vijana toka miaka 15 paka 35, ni kusema umri wetu na umri wa wakubwa zetu. Katika Afrika inapatikana mara chache kuliko Ulaya, lakini kitu cha mara chache kinaweza kufika hata kwetu.

1. MAUMIVU HAYATENGANISHI

Jibu la ulizo la kwanza ni: hapana. Mara nyingi kanseri ya korodani inaanza kama kitu kigumu kisichouma, ao kama uzito tu. Kwa hiyo kijana anayengoja maumivu ndipo aende kwa munganga anapoteza wakati.

Lakini tusiogopeshane bure. Si kila kuvimba ni uvimbe wa seli. Mfuko unaweza kujaa maji, ao matumbo kushuka ndani yake (ernia), ao microbi kuingia. Na kama maumivu makali yanaanza kwa gafula, pengine korodani imejizungusha kwenye kamba yake. Hapo ni kukimbia hospitali saa ile ile, kwa maana kisha saa sita hivi inaanza kufa.

2. MWEMA NA MBAYA NI NINI?

Uvimbe mwema ni seli zilizozidi kuzaana, lakini zinabaki mahali pao. Uvimbe mbaya, ndiyo kanseri, unavunja mpaka. Unaingia katika nyama za jirani, katika mishipa ya damu na ya limfu, na unatuma seli zake kujenga mahali pengine. Kanseri ya korodani inapenda kupanda kwanza kwenye tezi za limfu nyuma ya tumbo, karibu na figo, kisha kwenye mapafu.

Mahali ulipo uvimbe panasema jambo tayari. Ukiwa inje ya korodani, kwenye epididimi, mara nyingi ni mwema. Ukiwa ndani ya korodani yenyewe, kwa mutu mukubwa, munganga anaogopa kwanza. Katika uvimbe 100 za korodani, karibu 95 zinatoka katika seli zinazotengeneza mbegu za kiume, na hizo kwa watu wakubwa karibu zote ni mbaya.

3. NYAMA INAPITIA NJIA GANI?

Munganga anapapasa, anapiga picha ya ekografi, anapima damu. Uvimbe fulani unatoa katika damu vitu viwili, AFP na HCG. Vikipanda, ni alama ya nguvu. Lakini kanseri ingine haivipandishi, basi damu safi haitoshi kusema «hakuna kitu».

Wakiona hatari, hawachomi sindano kupitia mfuko. Wanapasua kwenye kinena na kutoa korodani nzima. Sababu ni hii: limfu ya korodani inapanda tumboni, lakini limfu ya ngozi ya mfuko inaenda kwenye kinena. Ukichoma mfuko, unaweza kufungulia kanseri njia ya pili.

Korodani inatiwa ndani ya formoli ili isioze. Munganga wa patolojia, yule anayesoma nyama za mwili, anaipima, anaikata vipande, anaandika rangi na ugumu wake. Vipande vinatiwa ndani ya parafini, vinakatwa vyembamba sana, mikroni 3 ao 4 hivi (mikroni 1 ni milimetri 1 iliyogawanywa mara 1000), na vinatiwa rangi: kiini cha seli kinakuwa buluu, sehemu ingine nyekundu-nyeupe. Halafu mikroskopi.

4. ANATAFUTA ALAMA GANI?

Tutwae mifano tatu.

Kiste ya epidermoidi. Ni mufuko mdogo wenye ukuta kama ngozi ya juu ya mwili. Ndani mna keratini nyeupe, tabaka juu ya tabaka, sawa vile kitunguu tulichokata katika labo. Seli za ukuta zimepangwa vizuri. Uvimbe huu ni mwema.

Seminoma. Ni kanseri ya korodani inayopatikana zaidi. Kwa macho ni nyama ya rangi ya maziwa. Chini ya mikroskopi seli ni kubwa, maji yake meupe, kiini kikubwa chenye nukta inayoonekana sana. Katikati ya makundi mnapita nyuzi zenye limfositi, askari wa mwili waliokuja kupigana.

Uvimbe wa seli za Leydig. Seli hizi, zilizoelezwa na Mudachi Franz Leydig mwaka wa 1850, zinatengeneza homoni ya kiume. Uvimbe wake ni wa rangi ya majani makavu, na karibu 9 kwa 10 ni mwema. Yule mmoja anatambulikana ginsi gani? Hakuna alama moja tu. Munganga anahesabu: je, unapita sentimetri 5? Kuna sehemu zilizokufa? Seli nyingi zinagawanyika? Mipaka imevunjika? Seli zimeingia katika mishipa? Alama zikiwa nyingi pamoja, anasema ni mbaya. Lakini hata hapo anaomba mugonjwa afuatwe miaka, kwa maana hakikisho kamili ni kuona uvimbe umefika mahali pengine.

5. MUTEGO WA TERATOMA

Hapa ndipo jibu kubwa la ulizo la pili. Teratoma ni uvimbe wenye nyama za namna nyingi: mufupa laini, ngozi, nyama kama ya tumbo. Tutie mbele ya mikroskopi teratoma ya mutoto wa miaka miwili, na teratoma ya kijana wa miaka 25. Mufupa laini ni mufupa laini, hapa na pale. Seli zinaweza kuonekana tulivu kwa wote wawili. Lakini ile ya mutoto ni njema, na ile ya kijana ni mbaya, inaweza kutembea mwilini.

Basi munganga anatazama nini? Anaacha uvimbe, anatazama majirani. Kandokando ya uvimbe kuna mifereji midogo ambamo mbegu zinatengenezwa. Kwa yule kijana, mara nyingi ndani ya mifereji hiyo mnalala seli mbaya ambazo hazijatoka bado. Mudenmark Niels Skakkebæk alizionyesha mwaka wa 1972 kwa wanaume waliokosa kuzaa, na wengine wao wakapata kanseri kisha. Kwa mutoto seli hizo hazipo. Ndiyo maana mwaka wa 2016 OMS iligawanya teratoma za korodani mafungu mawili, zenye mzizi ule na zisizo nao. Mara chache hata mutu mukubwa anaweza kuwa na ile njema, kwa hiyo umri peke yake hautoshi. Ni lazima kukata vipande vingi, vya uvimbe na vya kandokando.

Ndugu zangu, hili ndilo nataka mulishike: sura ya seli peke yake haihukumu. Munganga anaunganisha umri, mahali, damu, mipaka na majirani, ndipo anaandika jina. Basi wewe unayejipapasa gizani katika nyumba ya kulala, utahukumu namna gani kwa kidole?

6. KUJUA JINA KUNASAIDIA NINI?

Uvimbe mwema na mdogo unaweza kutolewa peke yake, korodani ikabaki. Ukiwa mbaya, korodani inatolewa, lakini ile ya pili ikiwa nzima inatosha kwa kawaida kuzaa na kuwa mwanaume. Na kanseri hii ni moja ya zile zinazopona zaidi. Mwaka wa 1974 munganga Lawrence Einhorn, wa Indiana katika Marekani, alianza kutumia dawa ya cisplatini pamoja na zingine. Mbele ya hapo, wengi ambao kanseri ilikuwa imefika mapafu walikufa. Sasa, wakitunzwa vizuri, wengi wa hao wanapona. Lakini jina likikosewa, dawa pia inakosewa.

Kwa kumaliza, nasema kwa wavulana: ukisikia kitu kigumu ndani ya korodani, usikisugue, usikipake dawa ya mizizi, usimuruhusu mutu akichome sindano ao kukipasua nyumbani. Mwambie baba, kaka, ao mwalimu unayemwamini, na uende hospitali juma lile lile. Yule aliyezaliwa na korodani isiyoshuka aangalie zaidi, kwa maana hatari yake ni kubwa kuliko ya wengine. Kwa wasichana: muko na kaka, na kesho mutakuwa na watoto wanaume. Na kwa sisi wote katika nyumba ya kulala: mwenzetu akija kusema siri ya namna hii, tusimucheke. Kicheko kimoja kinaweza kumufungia kinywa miezi sita, na miezi sita kwa kanseri ni mingi.

Kiongozi wa wanafunzi,
Mwaka wa sita, Biolojia-Kemia