Santuri za Siti Zihifadhiwe Pamoja na Maana Yake

Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alisafiri na wanamuziki wenzake hadi Bombay, Bara Hindi, kutia nyimbo katika santuri za kampuni ya His Master's Voice. Mwanamke huyu aliyekulia katika ufukara, akauza vyungu, na asiyejua kusoma wala kuandika, akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Afrika ya Mashariki kusikika katika gramafoni.

Anayezisikiliza santuri hizo leo atakutana kwanza na mkwaruzo wa sindano. Na avumilie. Nyuma ya mkwaruzo huo zimo nyuzi za udi na fidla, na sauti ya mtu anayesema na watu wake. Upande mmoja wa sahani haukuchukua ila dakika tatu au nne. Kwa hiyo wimbo uliozoea kurefushwa barazani ulilazimika kubanwa, na kila neno likapewa uzito wake.

Thamani yake haiishii katika utamu. Taarabu ya jumba la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Siti na wenzake waliiimba kwa Kiswahili, mchukuzi na mpishi wakaifahamu. Nyumbani kwake Ng'ambo walitunga juu ya mambo yaliyotokea mitaani na mahakamani. Wimbo wa Kijiti, kwa mfano, unasimulia mauaji ya mwanamke na haki iliyopinda baada yake. Wasiokuwa na gazeti walipata habari zao humo.

Lakini habari hizo zilifichwa katika mafumbo. Siti alifariki mwaka 1950, na wengi wa waliomsikia kwa masikio yao wamekwisha kututoka. Waliobaki wengi wao ni watoto na wajukuu waliosimuliwa ni nani aliyekusudiwa na kwa kisa gani. Sahani ikivunjika, huenda nakala nyingine ikapatikana kwingineko. Msimuliaji akiondoka, hana nakala.

Kwa hiyo tunawaomba wakubwa wanaohusika na utamaduni na nyaraka wasitosheke na kunakili sauti peke yake. Maneno ya kila wimbo yaandikwe, na maelezo ya wazee yawekwe kando yake. Nanyi wananchi wa Unguja na Pemba, mwenye santuri sandukuni asiitupe kwa kuwa gramafoni imeharibika. Aitoe inakiliwe, kisha arudishiwe mali yake.