Maji ya Mfereji Yakitoka na Rangi

Mvua ikinyesha siku mbili tatu, swali ni lile lile: maji ya mfereji yamekuwa kama chai ya rangi, tuyamwage ama tuyatumie? Kina mama wa kikundi kimoja huko Langas wanauza maji kwa mtungi. Yalipobadilika rangi, wateja waliwakimbia, wakaenda visimani ambako maji yalikuwa yanang'aa. Hapo ndipo tulipoingiwa na hofu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta vijidudu vya kinyesi katika visima vya Langas. Vyoo vya shimo viko karibu navyo. Maji kung'aa si kusema ni salama.

Rangi hutoka wapi? Maji ya Eldoret hutoka mabwawa ya Chebara, Two Rivers na Ellegirini. Mvua kubwa husomba udongo wa mashamba hadi mtoni, na kazi ya kuyasafisha huwa ngumu. Lakini si mvua tu. Maji yakikatika, paipu hukaa tupu. Yakirudi kwa nguvu hung'oa kutu na tope. Tena paipu tupu yenye ufa hufyonza uchafu wa nje, hata wa choo. Kwa hiyo yale maji ya kwanza usinywe. Mwagilia migomba mpaka yatakate.

Halafu uliza jirani. Yake yakiwa safi, ubaya uko kwako. Wale kina mama walikuwa wameshakubaliana kutoa pesa za chama wanunue paipu mpya. Tukawaomba wangoje kidogo, tukachota maji pale kwenye mita kabla hayajaingia tangini. Yalikuwa safi kabisa! Ndani ya tangi tulikuta tope la kimo cha kiganja. Walilisugua Jumamosi moja, na pesa zikabaki.

Maji meupe kama maziwa, yanayotakata kwenye glasi kuanzia chini, yana hewa tu. Usihangaike.

Maji ya matope yaache yatulie usiku kucha, yamimine polepole, uyachuje kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne. Ndipo uue vijidudu. Wengi wetu hukosea hapa: tunatia dawa kwenye matope, na matope huimaliza nguvu. Kwa WaterGuard, maji ambayo bado yana ukungu huhitaji kipimo mara mbili, kisha ngoja nusu saa. Ukichemsha, kumbuka Eldoret iko juu, karibu mita 2,100, na maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 93 hivi. Usiepue mara tu yakianza. Yaache yatokote dakika 3 nzima. Makaa ni ghali, tunajua, lakini kuhara kwa mtoto ni ghali zaidi.

Kutu haiondoki kwa kuchemsha. Huharibu ladha na nguo kuliko inavyoharibu tumbo. Nguo nyeupe zikipata doa la kutu usitie Jik, doa litashika zaidi, paka ndimu.

Yakinuka mafuta ama choo, usinywe hata baada ya kuchemsha. Jazeni chupa isiyo na rangi, andikeni siku, saa na mahali, mwende ofisi ya ELDOWAS. Nendeni kama kikundi. Mtu mmoja huambiwa arudi kesho.