Takikadia isiyobainishwa (R00.0)

Takikadia isiyobainishwa ni jina linalotumika katika kumbukumbu za matibabu kwa hali ya moyo kudunda kasi kuliko kawaida huku aina na chanzo chake havijajulikana. Katika toleo la kumi la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa (ICD-10), lililoidhinishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwaka 1990, msimbo wake ni R00.0.

Kwa mtu mzima aliyepumzika, mapigo ya kawaida ni kati ya 60 na 100 kwa dakika. Yakizidi 100 huitwa takikadia. Kipimo hicho hakiwahusu watoto wachanga, ambao moyo wao hudunda kasi zaidi kwa kawaida.

Dalili, si ugonjwa

Herufi R ni ya kundi la dalili na matokeo ya vipimo yasiyo ya kawaida. Moyo unaweza kwenda mbio kwa sababu ya homa, maumivu, hofu, upungufu wa maji au wa damu mwilini, homoni nyingi za tezi ya shingo, au dawa fulani. Unaweza pia kwenda mbio kwa hitilafu ya moyo wenyewe. Hitilafu hizo zina misimbo yake:

- I47.1: takikadia inayoanzia juu ya ventrikali
- I47.2: takikadia ya ventrikali, ambayo inaweza kuua
- I48: mtetemo wa atiria

Mgonjwa akilalamika tu kwamba anahisi moyo unamdunda, msimbo ni R00.2.

Uandishi wa kumbukumbu

Anayeweka msimbo hufuata maneno ya tabibu. Hasomi kipimo cha umeme wa moyo na kuamua ugonjwa mwenyewe. Kuandika "mapigo 128" peke yake hakutoshi, kwa kuwa namba si utambuzi. Tabibu huandika kasi ya mapigo, kama yana mpangilio, yalianza lini na vipi, dalili nyingine, matokeo ya vipimo na chanzo kinachodhaniwa. Chanzo kikijulikana, na takikadia ikiwa ni sehemu ya kawaida ya ugonjwa huo, R00.0 haiongezwi.

Nchini Marekani, inakotumika ICD-10-CM tangu tarehe 1 Oktoba 2015, ugonjwa ulioandikwa "inashukiwa" kwa mgonjwa wa nje hauwekewi msimbo; dalili ndiyo huwekewa. Kwa aliyelazwa, utambuzi ambao bado una shaka wakati wa kuruhusiwa huweza kuwekewa msimbo kana kwamba umethibitishwa.

Umuhimu

Shaka ikiandikwa kama uhakika, mgonjwa hubaki na ugonjwa wa moyo katika faili lake bila kuwa nao. Kinyume chake, R00.0 ikiachwa baada ya kipimo kuonyesha takikadia ya ventrikali, tabibu anayefuata anaweza kuidhania kuwa jambo dogo.