Nasaba ya Wanyama (2): Pweza Si Jamaa Yetu wa Karibu

Wiki iliyopita tuliona wataalamu wa kale wakipanga wanyama kwa kufanana sura. Leo tutazame sura inavyodanganya, na shahidi wetu ni ufuo wa Likoni, maji ya bamvua yakitoka.

Mwambani kuna pweza amejikunyata pangoni, kaa anakimbia upande, kiti cha pweza kimeshika jiwe, na jongoo bahari amejilaza mchangani. Ni yupi aliye karibu na binadamu kwa asili? Wengi watamtaja pweza. Ana macho makubwa, ana ubongo, na wanaomchokoa miambani wanajua alivyo hodari wa kubadili rangi. Kumbe aliye karibu nasi, sawa na kiti cha pweza, ni jongoo bahari, asiye na ubongo wala macho ya maana.

Ushahidi wa mwanzo ulitoka kwenye kiinitete. Kingali kitufe cha seli, hubonyea upande mmoja na kufanya tundu. Kwa jongoo bahari, kiti cha pweza na sisi, tundu hilo huwa njia ya haja kubwa. Mdomo hufunguka baadaye, kwingine. Kwa konokono wengi, ukoo wa pweza, huwa mdomo. Karl Grobben aliyagawa makundi hayo mawili mwaka 1908. Kanuni yake imevunjwa na wanyama kadhaa, lakini vinasaba vimethibitisha kwamba jongoo bahari yuko upande wetu.

Na lile jicho? Koo zetu zilitengana zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na jicho lenye lenzi likazuka huku na huku, kila upande kivyake. Neva zetu hupita mbele ya retina, na pale zinapotokea kwenda ubongoni hatuoni kitu. Za pweza hupita nyuma, basi hana upofu huo. Hapo, kwa maoni yangu, ametushinda.

Kaa naye alizua kizaazaa. Kwa kuwa mwili wake una pingili, aliwekwa pamoja na nyungunyungu. Mwaka 1997 Anna Marie Aguinaldo na wenzake walilinganisha vinasaba, wakamweka na minyoo wa mviringo, wakiwemo wale wanaosumbua matumbo ya watoto: wote hujivua gamba au ngozi wakikua. Nyungunyungu akabaki upande wa pweza.

Wiki ijayo ni zamu ya sifongo. Kabla ya hapo, ukienda ufuoni mtazame jongoo bahari, ila usimchokoze; wengine wakisumbuliwa hutapika matumbo yao.